Dawa za uzazi wa mpango zinakatika kila mara, tudai vipi hela na ugavi wa uhakika?

mama_kamati

Habari zenu wadau. Naomba mawazo maana hili jambo limenikaa kooni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, naingia pale kama mwakilishi wa wananchi, siyo daktari wala nesi. Kilio chetu ni kwamba dawa za uzazi wa mpango hazitabiriki kabisa. Mwezi huu sindano ipo vijiti hakuna, mwezi unaofuata vijiti vimekuja lakini hakuna ganzi wala glovu kwahiyo vinakaa tu kabatini, ukigeuka vidonge navyo vimeisha. Mama tarehe yake ya sindano imefika anakuja anaambiwa rudi wiki ijayo, anarudi anaambiwa bado, baada ya hapo haonekani tena mpaka umkute kwenye foleni ya wajawazito. Na huyu ni mtu ambaye alishaamua mwenyewe, kaacha kazi zake kaja, hakuhitaji semina, alihitaji sindano.

Kamati tuliandika barua kuomba huduma za uzazi wa mpango ziboreshwe, tukajibiwa ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Basi. Ukiuliza kituoni wanasema bohari haijaleta, bohari wanasema hela ya manunuzi haijatoka, wa hela nao wanasema hizo dawa ni za wafadhili waulizeni wao. Na wafadhili wenyewe tangu 2025 tunasikia wanajitoa.

Sasa nauliza, mtu anaanzia wapi kudai hiki kitu? Nimdai nani, nimdai nini hasa, na nikiambiwa hela hakuna nijibu nini? Na wapo ndani ya kamati yenyewe wanaosema uzazi wa mpango ni anasa, anayetaka akanunue duka la dawa. Hao nao nawajibu vipi bila kugombana. Mwenye uzoefu naomba anieleze taratibu kwa lugha ya kawaida.

Stoo_na_Leja

Mama kamati pole sana na hongera kwa kulishikilia hili. Mi nimefanya kazi stoo za dawa miaka mingi, naongea upande huo tu, ya bajeti wapo wanaoyajua zaidi yangu.

Kwanza kabisa usikubali jibu la "dawa hakuna" liishie hapo. Kabla sindano haijafika kwenye kabati la nesi kuna mtu alikadiria mahitaji, kuna mtu akatoa hela, oda ikaenda kiwandani, mzigo ukasafiri, ukagombolewa bandarini, ukaingia bohari kuu, ukashuka bohari ya chini, ndo ukapakiwa kuja kituoni. Ni bomba refu na linaweza kuziba popote, na kila pahala lilipoziba lina mtu wake wa kuulizwa. Kuna nchi mzigo umefika kabisa bandarini umekaa miezi kwa sababu tu hakuna aliyetenga hela ya kuugomboa, dawa za msaada, za bure, zinaozea kwenye kontena. Pengine bohari kuu imejaa na vituo vikavu kwa sababu gari halina mafuta. Haya ni matatizo mawili tofauti kabisa na ukiyadai kwa mtu mmoja kwa barua moja hutapata kitu.

Pili, na hili ndo watu wengi hawalijui na linaniuma. Oda ya kituo inatokana na matumizi ya nyuma. Chukulia kituo kinatumia sindano 60 kwa mwezi, sasa mwezi fulani stoku ikaisha tarehe 15, leja itaonyesha zimetumika 30. Yule anayejaza fomu kama hakusahihisha siku zile za ukame ataandika matumizi 30 na ataletewa za 30, mwezi unaofuata zinaisha tena nusu mwezi, na huko juu wanaangalia takwimu wanasema mahitaji ya sindano yameshuka, wanawake hawazitaki. Yaani uhaba unajitengenezea ushahidi kwamba hakuna uhaba! Dawa yake ni hesabu ndogo tu, unachukua kilichotumika unagawanya kwa siku ambazo stoku ilikuwepo kisha unazidisha kwa siku za mwezi, 30 gawa kwa 15 mara 30 unarudi kwenye 60 zako. Fomu nyingi za oda zina sehemu ya kuandika siku ambazo dawa haikuwepo, uliza kama huwa inajazwa. Mara nyingi utakuta iko tupu, na siyo kwa sababu nesi ni mvivu, ni kwamba yupo peke yake na foleni imefika nje.

Tatu hilo la vijiti kukosa ganzi. Kijiti peke yake siyo huduma. Kinahitaji ganzi, bomba la sindano, glovu, dawa ya kusafishia ngozi, bandeji, na mtu aliyefundishwa. Kitanzi nacho kina vifaa vyake vinavyotakiwa kuchemshwa. Wafadhili wengi walikuwa wananunua kijiti, hivi vidogo vikaachwa vinunuliwe na kituo, na kituo hakina hela kwahiyo mama anaambiwa alete glovu zake. Na msisahau kutoa. Kijiti cha miaka 3 au cha miaka 5 kilichowekwa leo kitatakiwa kutolewa, pengine hata mapema mwenye mwili wake akitaka, na kama bajeti ya kutolea haipo umemfunga mtu kitu mwilini asichoweza kukitoa. Mkidai vijiti daieni na kutoa kwenye sentensi hiyohiyo.

Kuhusu nini cha kukusanya, kuanzia sasa kamati iombe kila mwezi namba moja tu kwa kila njia, ni siku ngapi haikuwepo kabisa. Sindano siku ngapi, vijiti siku ngapi, vidonge, kitanzi, kondomu. Msiandike "mara nyingi inakosekana" maana hilo kila mtu analipuuza. Kipimo ambacho UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wanakitumia ni kwamba kituo cha ngazi ya chini kiwe na njia za kisasa zisizopungua 3 na hospitali zisizopungua 5, kwahiyo mkionyesha kwamba kituo chenu miezi kadhaa kilibaki na kondomu peke yake mmeshaonyesha kipo chini ya kipimo kinachojulikana dunia nzima, siyo malalamiko ya mama fulani.

kasma101

Naendelea alipoishia huyo mkuu wa stoo, mimi ni wa upande wa hela. Nimefuatilia bajeti za afya kwa muda kidogo na nitakuwa mrefu mnivumilie.

Mama kamati, barua ya kuomba huduma iboreshwe haimbani mtu. Anayeipokea anaweza kusema imeboreshwa kesho yake. Dai linalobana lina mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua, lina uamuzi mmoja, na lina tarehe. Mfano, "tunaomba fulani mwenye cheo fulani aweke fungu lenye jina la uzazi wa mpango kwenye bajeti ijayo kabla rasimu haijafungwa". Hapo akisema ndiyo utajua na akikataa utajua.

Kwanini fungu lenye jina lake? Kwa sababu pale dawa hizi zinapotupwa ndani ya fungu la jumla la dawa zote ndo zinakuwa za kwanza kukatwa hela ikipungua. Mgonjwa wa malaria yupo mbele yako anatetemeka unamuona, ila mama aliyekosa sindano ya miezi mitatu anaondoka kimya na madhara yanakuja miezi tisa baadae kwenye bajeti ya mtu mwingine. Fungu likiwa na jina unaweza kulifuata hadi mwisho.

Na ukilifuata uliza namba tatu, siyo moja. Iliyotengwa ni ngapi, iliyotolewa ni ngapi, iliyotumika ni ngapi. Wanasiasa wanatangaza ya kwanza. Sindano inanunuliwa na ya pili. Nimeona mafungu mazuri kabisa kwenye kitabu cha bajeti halafu robo ya kwanza haikutoka kitu, ya pili kidogo, ya nne ndo inamwagwa siku chache kabla ya mwaka kuisha na hapo zabuni haiwezi tena kukamilika hela inarudi, kisha mwakani mnaambiwa hamkutumia mlichopewa kwahiyo tunapunguza. Kwa hiyo msidai kiasi tu, daini na muda wa kutolewa. Vijiti na sindano vinatoka viwanda vichache duniani, tangu oda mpaka mzigo kufika ni miezi mingi, hela ikichelewa robo moja pengo mtaliona mwaka mwingine kabisa na wakati huo aliyechelewesha ameshahamishwa.

Sasa wafadhili. Usikubali jibu la waulizeni wao. Nitawapa historia kidogo ili muone hili tuliliona linakuja. Marekani ilianza kufadhili uzazi wa mpango kupitia USAID, shirika lake la misaada, mwaka 1965, na kwa miaka mingi ndo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko serikali yoyote, zaidi ya theluthi ya hela zote za serikali wafadhili. Januari 2025 misaada ikasimamishwa, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa. Mwaka huohuo dawa za uzazi wa mpango zenye thamani ya kama dola milioni 9.7, zilizokwisha kununuliwa kabisa, zikakwama kwenye ghala Ubelgiji na serikali ya Marekani ikasema itaziteketeza wakati kuna mashirika yalijitolea kuzichukua na kuzigawa. Nilivyosoma habari ile nilikasirika sana, maana pale hata kisingizio cha hela hakipo, hela ilishatoka.

Lakini msidhani ni Marekani peke yake. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza mchango wake kwenye mpango wa UNFPA wa kununua dawa hizi kutoka pauni milioni 154 zilizotarajiwa hadi kama milioni 23, asilimia 85 imekwenda kwa mkupuo. Miaka minne kabla ya 2025! Nchi zilizosikia zikaanza kuweka hela yao kidogo kidogo walau zina pa kushika, ambazo zilisubiri mfadhili mwingine ajaze pengo zimekutwa zimekaa vilevile.

Kwahiyo mtu akisema ni za wafadhili mwambieni sawa, tuonyeshe kwa maandishi ratiba ya mwaka hadi mwaka ya serikali kubeba sehemu inayoongezeka. Siyo lazima ibebe yote kesho. Na angalieni kama nchi yenu imetoa ahadi FP2030, ule ushirikiano wa kimataifa ambako serikali zinaahidi mambo ya uzazi wa mpango, ahadi zile zimeandikwa na ziko wazi kwenye mtandao, nyingi zinataja hela kabisa. Iprintini muende nayo kikaoni. Ahadi peke yake haitoshi, mkumbuke ule mkutano wa uzazi wa mpango wa London wa Julai 2012 uliweka lengo la kuongeza watumiaji milioni 120 katika nchi 69 maskini ifikapo 2020, walioongezeka wakawa kama milioni 60. Ni nusu, japo hao milioni 60 ni watu kweli na siwadharau. Ila inaonyesha ahadi isiyo na fungu inavyoishia.

Kitu kimoja cha mwisho kwa leo. Uhakika wa hela unashusha hata bei. Kijiti aina ya Jadelle kilikuwa kinauzwa kama dola 18 kwa nchi maskini, kuanzia 2013 kikashuka hadi 8.50, na kilichofanya ishuke ni wafadhili kumhakikishia mtengenezaji kwamba idadi fulani itanunuliwa kwa miaka kadhaa. Mtengenezaji akijua oda ipo anapunguza bei. Anayenunua kwa kustukiza, kidogo leo kidogo kesho, analipa zaidi kwa dawa ileile. Hii hoja inawaingia sana watu wa fedha kuliko hoja nyingine yoyote, jaribuni.

mtazamaji

Samahani wote lakini mimi naona tofauti. Kuna watu wanakufa na kansa na figo hakuna hela, watoto wanakosa dawa, leo tunajadili fungu maalum la kuzuia kuzaa? Na hawa wazungu kwanini miaka yote walikuwa wepesi kutoa hela ya kutupunguza kuliko ya kutibu? Wakijitoa acha wajitoe. Anayetaka kupanga anunue mwenyewe.

mkunga_mstaafu

Mwanangu mtazamaji nimekusoma na sitakupuuza maana nusu ya unachosema nakijua kwa macho.

Nianze na hilo la kutupunguza. Kulazimishwa kumetokea kweli. India wakati wa hali ya hatari 1975 hadi 1977 watu walihasiwa kwa mamilioni, wengi kwa kulazimishwa au kunyimwa haki zao mpaka wakubali. Peru miaka ya 1990 wanawake maskini wa vijijini walifungwa uzazi bila kuridhia. China na mtoto wake mmoja tunaijua. Mtu mwenye hofu hiyo siyo mjinga, asiitwe mjinga. Ila angalia dai la mama kamati. Hakuna anayeomba idadi ya watu wa kufungwa ipangwe toka juu, anaomba mama aliyekuja kwa miguu yake akute alichokuja kukifuata. Kinachoruhusu watu kulazimishwa ni pale kabati linapokuwa na njia moja tu, mama anataka vidonge anaambiwa leo kuna vijiti tu weka au nenda. Ugavi wa uhakika wa njia zote, pamoja na kutolewa pale anapotaka, ndo unaomlinda na hicho unachokiogopa. Kwa hiyo kamati ikiandika dai lake iweke wazi kabisa, hatutaki malengo ya idadi kwa njia fulani, tunataka njia zote ziwepo na mtu achague au akatae.

Na hii siyo haki iliyoletwa na mfadhili juzi. Mkutano wa haki za binadamu Tehran mwaka 1968 uliandika kwamba wazazi wana haki ya msingi kuamua kwa hiari yao idadi ya watoto na nafasi kati yao, na kwenye mkutano wa idadi ya watu na maendeleo Cairo mwaka 1994 nchi 179 zikakubaliana mpango mzima uliosimama kwenye hilo.

Sasa la kansa na dawa za watoto. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi na hutanishawishi kwamba hivi ni vitu viwili vinavyogombania kitanda kimoja. Nani unadhani anajaza ile wodi? Shirika la Afya Duniani linashauri baada ya kujifungua mtoto aliye hai ipite angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa sababu mimba zilizobanana zinaleta njiti, uzito mdogo, upungufu wa damu kwa mama. Mama akikosa sindano anarudi na mimba ya mtoto ana miezi sita, damu imeisha, anahitaji kuongezewa, mtoto anahitaji joto na oksijeni wiki kadhaa. Hiyo hela inatoka wapi? Inatoka hukohuko unakotaka iende kwenye figo. Watafiti wa Guttmacher, taasisi ya utafiti wa afya ya uzazi, walikokotoa kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati kila dola 1 ya ziada inayowekwa hapa inaokoa kama dola 3 kwenye kuhudumia mimba, kutoa mimba na watoto wachanga. Na zile mimba zinazotolewa vichochoroni, hizo sitaki hata kuzisimulia, mama anaingia na homa na harufu ambayo mtu akishaisikia haisahau.

Kuhusu kununua mwenyewe, wapo wanaoweza na wananunua, hilo sawa. Lakini kijiti na kitanzi huwezi kununua dukani ukajiwekea. Na asiye na hela ndiye ambaye mimba asiyoipanga itamwangusha zaidi. Mwaka 2021 kati ya wanawake bilioni 1.1 duniani waliohitaji uzazi wa mpango milioni 164 hawakuwa wanatumia njia yoyote, na sababu zao ni nyingi, kabati tupu ni mojawapo na ndo rahisi kuondoa kuliko zote, haihitaji kubadilisha moyo wa mtu, inahitaji gari lifike.

Mama kamati, kwa yule mjumbe anayesema ni anasa mimi nisingebishana naye kikaoni. Ningemwomba aje siku moja akae na nesi aangalie leja ya wodi ya wazazi, waliolazwa kwa mimba zilizoharibika na njiti, ajionee mwenyewe. Na wakati huohuo mwambie nesi asiwaache mikono mitupu wanaokosa. Mama aliyekuja kwa sindano ya miezi mitatu ikakosekana, sindano ile bado anaweza kuchomwa hata akichelewa hadi wiki 4 bila kuhitaji kinga ya ziada, kwahiyo asimwambie "imeshapita tarehe yako" akamrudisha, ampe kondomu za kuanzia, aandike namba ya simu, mzigo ukifika ampigie.

mtazamaji

Shikamoo bibi. Hilo la njia moja kwenye kabati sikuwa nimelifikiria hivyo. Bado nina wasiwasi na wafadhili lakini kama ni hela yetu wenyewe na hakuna malengo ya idadi mimi sina tatizo nalo.

baba_mapacha

Naongezea kidogo. Wanaume tuingie kwenye hizi kamati, siyo kukaa nje tukisema ni mambo ya akina mama. Kondomu na kufunga kwa mwanaume navyo ni uzazi wa mpango na navyo huwa vinakosekana, kuna sehemu hakuna mtoa huduma hata mmoja aliyefundishwa kufunga mwanaume wakati ni upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke.

Alafu kuna sindano ile ya chini ya ngozi ambayo mwanamke anajichoma mwenyewe nyumbani, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi 2019. Mke wangu anaitumia. Anapewa za mara kadhaa anaondoka nazo, kwahiyo hata kituo kikikaukiwa yeye hakwami mara moja. Kama haipo kwenu ulizeni kwanini, na kama ipo ulizeni kama wanawapa watu zaidi ya moja au wanagawa moja moja kwa kuogopa kuisha.

mama_kamati

Jamani nashukuru mno, nimesoma mara mbili mbili. Bibi mkunga shikamoo na Mungu akuzidishie. Nimejaribu kuandika dai jipya naomba mlikosoe:

"Sisi kamati tunaomba (1) kituo kiandike na kubandika kila mwezi siku ambazo kila njia haikuwepo, na oda isahihishwe kwa siku hizo, (2) mamlaka inayopanga bajeti iweke fungu lenye jina la uzazi wa mpango likijumuisha glovu, ganzi na vifaa vya kutolea vijiti, na hela itolewe kila robo, (3) tupewe kwa maandishi hela iliyotengwa na iliyotolewa mwaka huu. Hatuombi malengo ya idadi ya watumiaji, tunaomba njia zote ziwepo ili mtu achague."

Ila nina hofu moja. Nesi wetu ni mtu mzuri sana, ndiye aliyenionyesha kabati tupu. Naogopa tukipeleka hizi siku za ukosefu ataulizwa nani kakupa ruhusa ya kutoa siri za serikali.

kasma101

Dai zuri. Nabadilisha vitu viwili. Hilo la (1) halihitaji kwenda juu, mganga mfawidhi wa kituo ana uwezo nalo, litoeni kwenye barua mkalimalize kikaoni kwenu, mkirundika maombi yote kwa mkubwa mmoja atajibu lile jepesi na kusema amewasikiliza. La (3) litangulie la (2) na liwe barua ya peke yake, fupi, maana mkishajua kilichotolewa ni ngapi hata lugha ya dai la fungu itabadilika. Na andikeni tarehe ambayo rasimu ya bajeti inafungwa, kama hamuijui pigeni simu ofisi ya mipango waulizeni, wanaijua na siyo siri. Ukipeleka baada ya hapo umechelewa mwaka mzima.

Pia kama mnako bima ya afya ya umma, ulizeni kama uzazi wa mpango umo kwenye huduma zinazolipiwa. Skimu nyingi zinalipia kujifungua na upasuaji lakini kinga hii hazilipii. Hiyo ni barua nyingine na mtu mwingine, msiichanganye humo.

Stoo_na_Leja

Kuhusu nesi, mlindeni hivi. Msipige picha ya kabati wala ya leja, na msimtaje popote. Kamati kama kamati iandike barua kwa mfawidhi ikiomba taarifa ya hali ya dawa kila mwezi, ikiingia kwenye muhtasari wa kikao tayari ni taarifa rasmi iliyotolewa na kituo, siyo na mtu. Na mkiweza ungeni na kamati za vituo vya jirani, vituo vitano vikionyesha sindano ilikosekana miezi ileile hakuna atakayemtafuta nesi mmoja, itabidi watafute lori limekwama wapi. Mpangilio wa jedwali ninao, ni njia tano kwa miezi kumi na miwili inaenea karatasi moja, nitumie meseji hapa ndani nikupe.